Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: vidonda vya umio visitibiwe kwa kubahatisha

Ndugu Mganga Mkuu,

Mwaka jana nilipanda basi la alfajiri nikiwa nimepakata kichupa cha formalini, maji ya dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Ndani mlikuwa na vinyama vinne, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama, vilivyokatwa kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, wa mpwa wangu. Hospitali iliyompima kwa kamera ya kuingizwa mdomoni haikuwa na mtu wa kuvisoma. Tukaambiwa tuvipeleke wenyewe.

Mpwa wangu anaishi na VVU. Aliacha dawa miezi kadhaa, CD4, seli za kinga, zikashuka hadi 38. Funda moja la uji likawa la kushika kifua na kufumba macho mpaka lipite. Kituoni walisema vidonda vya tumbo, wakampa omeprazo ya kupunguza asidi. Baadaye wakasema fangasi, wakampa flukonazo. Hapo sina ugomvi, maana fangasi ndio wanaoongoza kuumiza umio wa wenye VVU. Lakini mwenye fangasi hupata nafuu ndani ya wiki hivi. Yeye alirudishiwa flukonazo mara tatu, hadi sketi ikawa inafungwa kwa kamba.

Mimi ni mstaafu wa maabara, najua kinachotafutwa kwenye hadubini. Kirusi cha CMV, kinachoshambulia wenye kinga ndogo, huvimbisha seli, kiini chake kikafanana na jicho la bundi, nacho husakwa kwenye kitako cha kidonda. Herpesi, kirusi kingine, husakwa ukingoni. Vipo pia vidonda visivyo na kirusi wala fangasi: seli za umio zinasinyaa, viini vinamegeka vipande, zinajiua zenyewe. Hivyo hutulizwa kwa predinisoloni, dawa ileile inayoshusha kinga. Mpe mwenye CMV bila kupima, umemmaliza. Na kwa kamera pekee si rahisi kuvitofautisha.

Majibu yalichukua wiki tano. Vilikuwa vidonda vya aina hiyo ya mwisho, visivyo na kirusi wala fangasi. Siku ya kumi na mbili ya predinisoloni, binti alikula ugali.

Naomba utoe waraka kwa kliniki zote za CTC, yaani za matibabu ya VVU: wiki ya flukonazo ikipita bila nafuu, mgonjwa apewe rufaa ya kamera, na vinyama vikatwe kitakoni na ukingoni. Dawa za VVU ni bure, lakini kipimo hiki tulikilipia, na wengi hukwama hapo. Damu ya kupima wingi wa virusi tayari inasafirishwa kutoka vituoni hadi maabara kubwa. Kichupa cha formalini hakidai hata barafu. Kipakiwe humo humo.

Wako,
Mstaafu wa maabara