Zuhura, wacha wakucheke

Mombasa, 30 Juni 2025

Mwanangu Zuhura,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Kusi limekaza, na juzi feri ya Likoni ilivuka ikiyumba hadi mama mmoja mwenye beseni la samaki akaanza kusoma Yasin kwa sauti. Mguu wa babako umepoa.

Picha zako za huko Khon Kaen, Thailand, ukifundisha Kiingereza, zimezunguka mtaa mzima. Kila aliyeuona ule mwaka ulioandika ubaoni, 2568, kauliza umehamia dunia gani. Nikawaeleza kama ulivyonieleza: Wathai wanafuata kalenda ya Kibudha, ukitoa 543 unafika kwetu. Babako akasema ajabu iko wapi, mbona kalenda yake ya ukutani juzi tu imeingia 1447.

Sasa tuje kwenye ile sauti uliyonitumia Alhamisi usiku. Nimeisikiliza mara tatu. Mwezi na nusu darasani, watoto 42, wote wanasimama wanaimba "Good morning, teacher" kwa mdomo mmoja, lakini ukimwita mmoja peke yake anatazama vidole vyake vya miguu. Na yule mzazi aliyeuliza ofisini mbona wameletewa Mwafrika, si Mzungu.

Nianze na mzazi, maana huyo ni mwepesi. Mzungu kazaliwa na Kiingereza, hajui kinakwama wapi. Wewe unajua, kwa kuwa kilikukwama. Darasa la pili ulikuwa ukisema "miliki" na "egi", kila neno unalitia irabu mwishoni kama Mswahili yeyote. Hao wako wana shida ya upande wa pili. Kithai hakina "s" ya kufungia neno, ndiyo maana "house" inatoka "hau" na "rice" inatoka "rai". Si uvivu huo, na ukiwaambia rudia, rudia, watarudia vilevile. Mchoree nyoka mwisho wa neno, mkia uning'inie nje ya mstari, na wakifika pale darasa zima litoe sauti ya nyoka. Watapenda kelele kuliko somo, na hiyo ndiyo njia. Wangu wa Kinango, nilikoanzia ualimu, niliwafanyia kinyume: neno likiisha nagonga meza kwa dasta, pa! midomo ifungwe kabla irabu haijachomoka.

Kuhusu ukimya, kuna jambo sijawahi kukwambia.

Mwaka 1986 nilipelekwa Kinango na barua yangu mpya ya TSC, tume inayoajiri walimu, umri miaka 22, viatu vya kisigino. Nilipewa darasa la kwanza, watoto wa Kiduruma watupu. Shuleni kulikuwa na kile kibao cha kuvishwa shingoni mtoto aliyeteleza akasema lugha ya kwao, na mimi mgeni nikakipokea kama nilivyokikuta. Wiki ya pili kijana mmoja mdogo, kaptula imefungwa kwa kamba ya mkonge, akanijia mchana wa jua kali akasema "madzi". Maji, Zuhura. Mtoto aliomba maji. Nikamvisha kibao.

Alikivua jioni kengele ilipolia, akakiweka mezani kwangu kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Hakunena tena muhula mzima. Hata siku ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, zile pakiti za pembetatu ambazo wenzake walikuwa wakizipigania, yeye alisimama nyuma ya mlango mpaka nikamtilia mkononi.

Nilikuwa nimepanga kwa bibi mmoja wa pale. Nikamwomba anifundishe Kiduruma, maneno kumi kila usiku, na asubuhi nikawa nasimama mbele ya darasa nawasomea. Nilivyokuwa nayavuruga! Walicheka mpaka wengine wakaanguka chini ya madawati. Kisha mmoja akanisahihisha, na mwingine, na kabla ya mwezi kwisha na wao wakawa wanaharibu Kiingereza chao mbele yangu bila hofu, zamu kwa zamu. Kibao nilikitupa chooni. Mwalimu mkuu alikitafuta sana, na mimi nikamsaidia kukitafuta. Yule wa maji hakurudi muhula uliofuata. Nilisikia wamehamia Samburu, sikupata kumwomba radhi.

Basi wewe una bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Watu hao hawakutawaliwa na Mzungu, Kiingereza hakikuwajia na fimbo wala kibao. Wana haya tu. Na lugha yao, ulivyonieleza, ina milio mitano: "khao" ukiiangusha kutoka juu ni wali, ukiipandisha ni nyeupe, ukiiweka chini ni habari. Hiyo ndiyo zawadi yako. Kesho simama ubaoni uwaombe wakufundishe hayo matatu. Utakosea, nakujua sikio lako, hata maulidi ulikuwa ukiyaimba pembeni ya wenzako. Wacha wakucheke.

Yule aliyekusugua mkono aone kama rangi itatoka, mpe mkono wa pili. Lakini wewe usimguse mtoto kichwani. Najua kwetu mkubwa akikushika kichwa anakuombea dua, huko ni kumvunjia heshima. Nilifurahi uliposema siku ya kumwadhimisha mwalimu walipiga magoti wakakuletea maua na vijiti vya ubani. Miaka 38 nimefundisha, nililetewa mahindi na kuku mmoja.

Pasi yako ya kusafiria asikushikie mtu, awe ajenti au mkubwa wa shule. Tarehe ya kwenda uhamiaji kila siku 90 iandike ukutani, si kwenye simu. Pesa usitume mpaka umelipa kodi ya chumba ya miezi miwili mbele. Babako anasema sawa, ingawa alinyamaza kidogo kabla ya kusema. Kwamba neno la nguruwe ulilijua kabla ya neno la asante, hilo limenichekesha na limenituliza. Achari na mabuyu nimempa mtoto wa jirani anayepitia Bangkok mwezi ujao. Mabuyu wagawie watoto, ila waambie mbegu hazitafunwi.

Kuhusu simu, nimepata kumbe saa zao za usiku wanazihesabu kama sisi, saa moja baada ya magharibi inaitwa moja, inayofuata mbili. Hapo nikasema hao ni jamaa zetu. Basi nipigie saa mbili usiku, mbili ya huko Khon Kaen, mimi hapa itakuwa saa kumi na natoka kuswali alasiri. Hiyo mbili ya kwangu wewe uko saa sita, na nisingependa kukuamsha kwa kukuuliza umekula nini.

Mamako