Asimsingizie Musa

Mhariri, naomba nafasi nitoe la moyoni. Wiki iliyopita msomaji mmoja aliandika kwamba makanisani turudie utaratibu wa wazee, wanaume huku wanawake kule, ati kwa sababu Wayahudi wanafanya hivo tangu enzi za Musa na hawajawahi kubadilika. Hapo kwa Musa ndo sikubaliani.

Mi na mume wangu tulienda Yerusalemu na kikundi cha hija. Kwenye Ukuta wa Magharibi, huu ambao wengi tunauita wa Maombolezo, mkifika tu mnaachana, yeye akaokota kikofia cha bure akaenda zake kushoto, mi kulia. Upande wao ni mkubwa, yaani unaweza hata kutembea tembea. Upande wetu tumebanana kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, nikasubiri wee mpaka zamu ikafika nikagusa jiwe na kuchomeka kikaratasi changu cha maombi, na zile nyufa zimeshajaa vya wenzangu vingine vimeanguka chini.

Sasa kilichonigusa ni pale kwenye uzio wa katikati. Akina mama wamepanda juu ya viti vya plastiki wanachungulia kwa wanaume, nikajiuliza hawa vipi, kumbe upande wa pili kijana anafanyiwa barmitzva, ile sherehe ya kutimiza miaka 13, na mmoja wa hao waliopanda viti ni mama mzazi! Wanarusha pipi juu ya uzio na kupiga vigelegele, vigelegele hivi hivi vya kwetu, na mi nikajikuta napiga.

Niliporudi nikaanza kusoma. Zipo picha kabla ya 1948, wanaume kwa wanawake wako pamoja hapo ukutani, hamna uzio. Mwaka 1928 siku ya Yom Kippur, siku yao ya kufunga na kutubu, Wayahudi waliweka pazia la kutenganisha, Waislamu wakalalamika kwamba utaratibu wa siku zote unabadilishwa, polisi wa Kiingereza, maana Waingereza ndo walikuwa wanatawala huko, wakaja kuling'oa watu wakiwa kwenye ibada, ukawa mgogoro mkubwa. Uzio wa kudumu umekuja baada ya vita ya 1967. Mama yangu mzazi ni mkubwa kuliko huo uzio.

Sisemi kutenganisha ni uzushi, hapana, Talmud, kitabu chao cha kale cha mafundisho ya marabi, inataja roshani ya wanawake hekaluni wakati wa sikukuu ya Vibanda, na kwenye sinagogi za Wayahudi wa Orthodox, wale wanaoshika sana desturi za zamani, akina mama wana sehemu yao, ghorofani au nyuma ya pazia. Lakini Wayahudi wa Reform, wale wa mrengo wa kisasa, wanakaa baba, mama na watoto benchi moja. Na tangu 1988 kuna kikundi kinaitwa Wanawake wa Ukuta, wanaenda pale kila mwezi wa Kiyahudi ukiandama, wanasali kwa sauti na mashuka ya maombi mabegani, wamezomewa, wengine wamekamatwa, mpaka 2013 mahakama ikasema hawana kosa. 2016 serikali ikakubali iwepo sehemu rasmi ya kusali pamoja, 2017 ikausimamisha huo mpango. Hata mabasi yaliyokuwa yanawaweka wanawake nyuma, Mahakama ya Juu ya Israel ilishasema 2011 kwamba hakuna wa kumlazimisha mwanamke kukaa huko. Hao ndo wasiobadilika?

Kukaa mbali mbali kwenyewe hakunisumbui. Bibi yangu alikaa upande wa kina mama kanisani mpaka anakufa na alipenda, na hapa Tanga kwenye harusi za majirani zetu Waislamu ukumbi wa wanawake ndo wenye raha, waulize wanaume waliobaki nje na sahani zao za pilau.

Kwa hiyo ndugu yangu akitaka tugawane aseme anataka yeye. Na tukigawana kweli ahesabu kwanza vichwa Jumapili, manake akina mama ndo tunajaza kanisa, upande mkubwa tupewe sisi.

Msomaji wenu, Tanga