Mdogo wangu, acha kuikimbiza ile raha

Marahaba mdogo wangu. Voisi yako nimeisikiliza yote mpaka mwisho, na najibu hapa wazi bila jina lako maana najua kuna wengine wamekwama hapohapo ulipokwama wewe.

Kwa hiyo ulianza meditesheni, yaani kukaa kimya ukiitazama pumzi, kwa apu ya simu, dakika kumi kumi kabla ya kulala, ukaanza kupata usingizi mzuri, halafu siku moja mwili ukawa mwepesi, pumzi ikawa laini mpaka huisikii, raha tupu, na tangu siku hiyo unaitafuta huipati, unakaa nusu saa nzima unanyanyuka umenuna. Sasa unauliza uongeze muda au ubadilishe apu.

Wala usiongeze. Hiyo raha ni ya kweli, watawa wa Kibudha wanaijua siku nyingi na wanaiita piti, akili ikitulia kidogo inakuja, na ikija inaondoka, hamna cha ajabu hapo. Tatizo ni kwamba siku hizi ukikaa umeshatoa oda, unavuta pumzi huku jicho moja liko mlangoni. Hiyo kuisubiri ndo kitu cha kukitazama sasa. Buddha alitaja vizuizi vitano vya meditesheni: tamaa, chuki, uzito wa usingizi, wahaka, na mashaka. Wewe unakaa na cha kwanza, ukikosa unachotaka kinageuka cha pili, ndo huko kununa.

Na apu nyingi zinaishia kwenye pumzi tu. Mafundisho yenyewe, yale ya Satipatthana, somo la Buddha la kuweka uangalifu, yana sehemu nne: mwili, hisia, hali ya akili, na mambo yanayojitokeza akilini. Mimi nakwambia nenda kwenye hiyo ya pili, ambayo watu wengi wanaipita haraka. Hisia hapa sio hasira wala mapenzi, ni ile ladha ya mwanzo kabisa ya kila kitu kinachokugusa: kinapendeza, hakipendezi, au kipo kipo tu. Chukua yule jirani yako wa sabufa. Umekaa, besi inaanza, kwanza ni sauti tu inagonga kifuani, halafu fasta sana kuna kajambo kadogo ka kutopenda, kako kifuani au kwenye taya, halafu ndo inakuja hasira, halafu stori nzima, huyu mtu hana adabu, nitaongea na mwenye nyumba, mwezi wa nane nahama. Sisi tunazinduka tukiwa kwenye stori. Jaribu kukashika kale kadogo ka kutopenda kabla hakajawa hasira. Hutakapata kila mara, ukikapata mara moja ndani ya wiki utaona jinsi hasira inavyokosa pa kushika.

Mahasi Sayadaw, mtawa wa Kibudha wa Burma, alikuwa anafundisha kuvitaja vitu kimoyomoyo, tumbo likipanda "kupanda", likishuka "kushuka", kelele ikija "kusikia, kusikia", basi, huendi zaidi ya hapo. Mguu ukiwa na ganzi, taja. Mbu akikung'ata shingoni usiwahi kukuna, angalia muwasho unavyopanda, unavyofika juu unasema leo nakufa, na unavyoshuka wenyewe. Usingizi ukikuzidi simama utembee taratibu hapo koridoni, unainua mguu, unaupeleka, unakanyaga, na hiyo ni meditesheni kamili aisee, sio mapumziko.

Kuhusu zile kozi za meditesheni za siku kumi za mwalimu Goenka, nenda, ila jua unachoendea. Kengele ya kuamka ni saa kumi alfajiri, simu unaikabidhi, hamuongei mpaka siku ya kumi. Siku tatu za mwanzo ni pumzi puani tu, ya nne ndo wanaanza Vipassana, unapitisha akili mwili mzima kuanzia kichwani, na baadaye kuna vipindi vya saa nzima unaambiwa jitahidi usibadilishe mkao, magoti yatakutukana. Hawatozi hela, wanaendesha kwa michango ya waliomaliza. Lakini kama bado unameza zile dawa za sonona, waandikie kwenye fomu bila kuficha, siku kumi za ukimya zinaweza kumtikisa mtu vibaya. Ukitaka kuanza mdogo mdogo, lipo hekalu la Wabudha pale Upanga, Dar, au ukienda Uganda kuna kituo cha mtawa Bhante Buddharakkhita njia ya Entebbe, Mganda kabisa, alienda India kusoma mwaka 1990, akaingia utawa, akarudi kufungua kituo mwaka 2005.

Bi mkubwa naye usimdanganye kwamba ni mazoezi ya mwili, mambo haya asili yake ni ya Kibudha na atakuja kujua tu. Mwambie hakuna anayekubadilisha dini, na masharti ya kozi ni kutoua, kutoiba, kutosema uongo, kujizuia na ngono, kutogusa kilevi. Hapo sioni atakachopinga, labda atashangaa kwamba hata mbu hauawi.

Fomu ukishajaza nirushie niipitie kabla hujaituma. Ila wewe na mdomo wako huo, siku zote hizo bila kuongea, hapo ndo sijui.

Dada'ko