Mama, 32 ya Huku Si ya Mombasa

Minneapolis, Minnesota
Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na wote hapo Umoja hamjambo. Mimi sijambo, isipokuwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana nimeandika barua badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenisikia sauti tu ukajua nakuficha jambo.

Kwanza ule ujumbe wako wa Jumapili. Kaka alikufungulia hali ya hewa ya huku, ukaona 32, ukaniandikia: "Mbona walia baridi na hiyo ni Mombasa?" Niliwasomea wenzangu kazini, tukacheka mpaka chai ikapoa. Mama, Wamarekani hupima kwa Farenhaiti. 32 yao ni sifuri yetu, pale maji yanapoganda. Vipimo hivi viwili hukutana mahali pamoja tu, nyuzi 40 chini ya sifuri, na jimbo hili limewahi kupita hapo: Februari 1996 mji mdogo wa kaskazini uitwao Tower ulifika 51 chini ya sifuri kwa kipimo chetu. Lakini si baridi ya aina hiyo inayonitisha. Ninayoiogopa ni hiyo hiyo 32 uliyoicheka.

Wewe huniuliza habari za theluji kila wiki. Theluji haina ubaya. Huanguka kimya, si kama mvua juu ya mabati, na asubuhi unachukua beleshi unajifungulia njia. Mvua ya kina cha inchi moja ingeanguka kama theluji ingelala kama inchi kumi, kwa hiyo ni kazi ya mgongo, lakini unaona unachokanyaga.

Mvua ndiyo mbaya. Mvua nyingi ya huku huanza juu ikiwa theluji, na hata ile mvua kubwa ya alasiri inayowanyeshea huko mara nyingi huanza ikiwa barafu mawinguni, ikayeyuka kabla ya kuwafikia. Kitakachofika chini kinategemea hewa inayopita. Ikiwa ni baridi mwanzo hadi mwisho, unapata theluji. Ikikuta hewa ya vuguvugu katikati, inayeyuka. Kisha kama baridi ya chini ni nene, inaganda tena njiani na kufika ikiwa vipunje vinavyogonga dirisha kama mchele ukimwagwa kwenye sufuria. Kama baridi ya chini ni nyembamba, haiwahi kuganda. Inafika ikiwa maji, na kuganda papo hapo kwenye chochote inachokigusa: ngazi, waya za stima, matawi, mlango wa gari. Usiichanganye na mvua ya mawe, ile hurushwa juu na chini ndani ya wingu la radi. Ndiyo iliyoifunika ardhi kule Nyahururu mwaka wa 2008, watu wakadhani theluji imeshuka Kenya.

Sasa mkono. Watabiri wa huku wana daraja za maonyo. Moja husema kaeni macho, huenda ikaja. Nyingine husema inakuja au imeshafika. Ile ya kwanza niliiona kabla ya kwenda kazini jioni. Ya pili ilitolewa usiku nikiwa kwenye zamu na wazee ninaowatunza, simu ikiwa kwenye kabati. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikatoka. Huku mwezi huu jua hutoka karibu saa mbili na kuzama saa kumi na nusu, kwa hiyo kulikuwa giza totoro. Nikasikia manyunyu usoni, kama yale ya Limuru mwezi wa Julai, na lami ilikuwa inameta chini ya taa. Mama, nilifurahi! Wiki tatu sijaona maji yakitoka mbinguni. Nikasimama nikiyafurahia kama mtoto, kisha nikashuka ngazi.

Sikufika ya pili.

Hakuna mfupa uliovunjika, mkono umeteguka tu, nimefungwa bandeji na nimeambiwa nisibebe kitu wiki mbili. Ngazi zilikuwa hazijamwagiwa chumvi. Ndiyo, chumvi, tena kwa magunia. Ungeona inavyotupwa barabarani ungelia. Hufanya maji yasigande hata ikipita sifuri, ila baridi ikifika kama tisa chini ya sifuri, hiyo ya kawaida huanza kushindwa. Siku hizi natembea kama bata, hatua fupi, mikono nje ya mifuko, na simu naitazama kabla ya kufungua mlango wowote.

Kesho wametabiri theluji, nyuzi 12 chini ya sifuri, yaani 10 yao. Nimeshangilia. Itakuwa theluji kavu, nyepesi, ya kupiga teke.

Je, vuli imekwisha huko, au mtaro wa mbele ya geti bado unafurika? Pesa za fundi nitatuma Ijumaa. Mwambie kaka abadilishe simu yake isome Selsiasi. Na shangazi wa Nakuru asijue habari za mkono, tafadhali. Ataanza kunichangishia nauli ya kurudi.

Kitindamimba wako