"Little hope" siyo "kuna matumaini kidogo"

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili maana limenikaa rohoni muda mrefu. Februari 2023, lile tetemeko la Uturuki na Syria, mama mkwe alikuwa kwangu, macho yake siku hizi hayaoni vizuri kwahiyo kila asubuhi mimi ndo namsomea habari kwenye simu, sasa siku ya nne au ya tano hivi nikamsomea "kuna matumaini kidogo ya kuwapata watu wakiwa hai", mama akashusha pumzi akasema Mungu mkubwa, basi tumaini lipo. Baadae nikaitafuta ile ile habari kwa Kiingereza nikakuta "there is little hope". Yaani matumaini yamekaribia kuisha kabisa, na mimi nimemwambia mama yapo!

Shida yote ni kale kaneno "a" ka Kiingereza. Waingereza wenyewe wakisema "a little" au "a few" wanakwambia kipo japo si kingi, ukiitoa ikabaki "little" au "few" peke yake wanakwambia ni haba, usitegemee. "A few people came", walikuja watu kadhaa. "Few people came", watu hawakuja bwana, waliotokea ni wa kuhesabu. Nimefundisha tuisheni ya kidato cha pili miaka sita najua tunavyokaririshana, few ni chache, little ni kidogo, basi, na mtoto anabaki hivyo hivyo mpaka anakuwa mtafsiri. Na wala sio kwamba Kiswahili hakina maneno, andika tu "matumaini ni finyu" hata bibi kijijini kakuelewa.

"Scarce" na "rare" nazo zote tunaziita adimu. Tanzanaiti ni "rare", inachimbwa Mererani tu dunia nzima, uwe na hela vipi haiongezeki ardhini. Ila sukari na sabuni za 1983, kipindi kile cha msako wa wahujumu uchumi, hizo zilikuwa "scarce", watu wanazitafuta dukani hazionekani lakini mzigo ukiingia zinarudi. Hapo mi ningesema ziliadimika, kitenzi kizuri mno sijui kwanini hatukitumii.

Na "want" ndo kabisa, zamani maana yake ilikuwa kukosa, hii ya kutaka imekuja baadae. Zaburi ya 23 kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611 inasema "I shall not want", lakini kwenye ya Kiswahili hatusomi sitataka, tunasoma "sitapungukiwa na kitu". Hao watafsiri walikaa chini wakaliwaza neno.

Ombi langu Mhariri, habari za nje hasa za maafa, kabla hazijatoka awepo mtu mmoja wa kusimama kwenye kila "kidogo" na kila "wachache" aulize kule zilikotoka "a" ilikuwepo au haikuwepo.

Msomaji wenu,
Morogoro