Watalii wavushwe barabara ya Darajani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na watembeza watalii wa hapa mjini Zanzibar, na Kamisheni ya Utalii pia. Wageni wanazungushwa vizuri Mji Mkongwe: Forodhani, Ngome Kongwe, kanisa la Minara Miwili, milango ya nakshi ya Shangani na Hurumzi, kisha Mkunazini. Wakishafika sokoni Darajani na kununua viungo, wanarudishwa walikotoka. Ng'ambo, sehemu ya mji iliyo upande wa pili wa barabara ya Darajani, hawaioni, na mgeni aliyeondoka hivyo ameuona nusu mji.

Hapo Mkunazini penyewe pana sababu ya kuvuka. Kanisa la Anglikana lilianza kujengwa 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na hapo hapo soko lilipokuwa. Nje yake zipo sanamu tano za msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, za mwaka 1998. Zimesimama ndani ya shimo, na minyororo shingoni mwao ni minyororo ya kweli. Mtu anabaki juu, anawainamia. Wageni wengi hunyamaza pale, na wana haki. Lakini ni nadra kuambiwa kwamba walioachwa huru na vizazi vyao, wachukuzi, mafundi na vibarua wa mji wa mawe, wengi walikaa ng'ambo ya mkondo wa maji uliokuwapo Darajani kabla haujafukiwa. Historia ya wale watano inaendelea upande wa pili wa barabara.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume alitaka waliokuwa kwenye nyumba za udongo na makuti wapate nyumba za kudumu, zenye maji na umeme. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walisaidia, Kikwajuni kwanza, halafu Michenzani, na wananchi wakajitolea nguvu zao. Simama kwenye mzunguko wa Michenzani, penye mnara: njia nne zinakutana, na majumba yamefuatana kando yake hadi jicho lichoke. Nguo zimeanikwa juu, chini watu wanauza na kununua. Wapo wanaoyaita masanduku ya zege. Mimi sikubali. Rangi imebabuka, kweli, na mitaa ya zamani ilibomolewa kuyapisha, jambo linalowauma wengine hadi leo. Hayo nayo mgeni aelezwe.

Wakati wa kurudi wapitie Mnazi Mmoja waione Beit al Amani, jengo jeupe lenye kuba, kazi ya msanifu majengo J. H. Sinclair ya mwaka 1925, ukumbusho wa Vita Kuu ya Kwanza.

Ombi langu ni saa moja tu iongezwe kwenye matembezi. Na vijana wa Kikwajuni, Michenzani na Kisiwandui wafunzwe na kupewa vitambulisho vya kutembeza wageni, kwa kuwa wao wana bibi na babu waliohamia majumba hayo yakiwa mapya, na wanaweza kumpeleka mgeni akawasikie wenyewe.

Mkaazi wa Ng'ambo,
Unguja