Tanzia za bibi zetu zitaje na kazi za mikono yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotupita kila wiki mbele ya macho. Tanzia za wakongwe wetu wa kike zinafanana mno: jina la marehemu, umri wa kukisia, idadi ya watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe, mahali pa maziko, basi. Mwanamke aliyesuka mikeka miaka sitini, akaweka upatu wa mtaa mzima, akaitwa usiku wa manane kuosha maiti wa kike, anaagwa kana kwamba kazi yake duniani ilikuwa kuzaa tu. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alibahatika kwa kuwa sauti yake ilirekodiwa. Lakini hina na wanja aliokuwa akitengeneza kwa mkono wake, ni wangapi leo wanaoweza kueleza ulivyochanganywa? Na umri wake mpaka sasa ni wa kukadiria.

Nianze na huo umri, maana ndio unaoharibiwa kwanza. Familia husema bibi alikuwa na miaka 110 kwa sababu "alikuwepo enzi za rupia". Rupia ya wapi? Tanganyika, shilingi ilichukua nafasi ya rupia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Unguja na Pemba rupia iliendelea hadi mwisho wa 1935, shilingi ikaanza tarehe 1 Januari 1936. Kwa hiyo mtoto wa Wete aliyetumwa dukani na rupia anaweza kuwa mdogo kwa miaka kumi na zaidi kuliko mwenzake wa Bagamoyo mwenye kumbukumbu ileile. Kabla ya kuandika umri, uliza alikulia wapi.

Swali la "ulizaliwa mwaka gani" halizai kitu. Uliza: siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964, ulikuwa unanyonyesha mtoto wa ngapi? Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, ulikuwa umeshaolewa? Watu wa Lindi waulizwe kimbunga cha Aprili 1952, walikuwa wanaweza kubeba ndoo ya maji au walibebwa wao? Tuseme bibi anajibu kwamba wakati wa Mapinduzi alikuwa na mtoto wa tatu mgongoni, mchanga, na mtoto wa kwanza alimpata akiwa na miaka 17 hivi. Ukihesabu miaka miwili na nusu kati ya mtoto na mtoto, alikuwa na miaka 22, basi alizaliwa karibu na 1942. Hesabu hii inaweza kukosea miaka mitatu minne, kwa hiyo ipimwe kwa matukio mawili au matatu mengine. Andikeni "takribani". Hakuna aibu katika takribani, na miaka 82 ya kweli ina heshima kuliko 110 ya kubuni.

Sasa kazi ya mikono, na nitachukua ukili, yaani ule mkanda uliosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka, kwa kuwa ndio uliotandikwa katika nyumba nyingi za pwani yetu. Tukiandika "alikuwa msukaji hodari wa mikeka" hatujaandika kitu. Uhodari wenyewe uko katika hatua, na kila hatua ina mahali inapoharibikia.

Ukindu hukatwa kwenye jani changa la mkindu, lile la katikati lililosimama kama mkuki kabla halijafunguka. Likishafunguka limekuwa kijani na gumu, chane zake, yaani vipande vyembamba vya kusukia, hupasuka ukizikunja. Mkataji mzuri huchukua jani na kuacha kilele chenyewe salama, kwa sababu shina la mkindu hukua kwa kilele kimoja tu. Ukikigusa kwa panga, shina hilo limekufa. Ukimuuliza bibi alikokuwa akikata, mwulize pia aliacha ngapi.

Majani hutenganishwa, huanikwa jua kali siku tatu hadi tano mpaka yawe meupe, na jioni huingizwa ndani. Yakilala nje na mvua ikayakuta, hupata madoa meusi ambayo rangi yoyote haitayaficha. Kisha huchanwa kwa ukucha au ncha ya kisu kuwa chane za upana mmoja. Upana mmoja ndio kazi yenyewe: chane moja ikizidi, ukili unavimba upande huo na kuanza kupinda.

Chane za rangi hufungwa mafungu na kuchemshwa katika maji ya rangi, robo saa hadi nusu saa, zikigeuzwa. Zikifungwa kwa kukaza sana, katikati ya fungu panabaki peupe. Zikitoka husuuzwa mpaka maji yawe safi, zikaanikwa kivulini. Mkeka unaochafua kanzu ya mgeni haukusuuzwa, hilo ni la mtengenezaji wala si la duka lililouza rangi.

Wakati wa kusuka, chane hunyunyizwa maji kidogo ziwe laini. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: wanazilowesha. Chane iliyolowa imevimba, na ikikauka inanywea, ukili uliokuwa umeshikana unabaki na matundu ya kupitisha mchanga. Kuunga chane mpya hufanywa kabla ya ile ya zamani kwisha, zikalaliana, na zisiungwe mbili mahali pamoja, ama sivyo patakuwa na fundo na pia udhaifu. Tena mkono hukaza asubuhi na kulegea jioni, kwa hiyo msukaji makini huweka kijiti cha kipimo na kupima upana kila pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa.

Wajukuu wafanye hesabu hii angalau mara moja. Mkeka wa mita 2 kwa mita 1.2, ukili wake ukiwa na upana wa sentimita 4, yaani kama vidole viwili, unahitaji vipande 30 vya mita 2. Hizo ni mita 60, sawa na pima 33 hivi. Kama bibi alisuka pima mbili kwa siku, kati ya shamba na jiko, basi ni siku 17 za kusuka tu, kabla hajashika shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, kushona na kutia pindo. Katika kushona, mtu huhakikisha rangi zinakutana kipande kwa kipande. Kipande kimoja kikivutwa zaidi, maua yanahama na mkeka unajikunja pembeni kila ukitandikwa.

Aliye hai bado arekodiwe leo. Simu iwekwe nyuma ya bega lake, si mbele ya uso, ili atakayejifunza aone mikono kama yake mwenyewe, kulia kwa kulia. Hesabuni chane kwa sauti mwanzoni mwa ukili. Pigeni picha mbele na nyuma ya mkeka, rula ikiwa juu yake. Majina ya marembo yaandikwe kama alivyoyatamka, hata kama kijiji cha pili wanaita vingine. Na kama ni mapishi, msimwulize vipimo, maana atasema "kiasi". Mwacheni amimine kwa kiganja chake, kisha pimeni mlichopokea kwa mizani. Akitaja pishi, kumbukeni ni vibaba vinne, na kibaba kile kile alichokitumia kipimwe, kisichukuliwe cha jirani.

Liko na la jamii, na hili huleta ugomvi kabla arobaini haijafika. Bibi wa namna hii mara nyingi ndiye aliyetunza vyombo vya mtaa: masufuria makubwa ya shughuli, majamvi, sinia, kamba za turubai. Vimekaa chumbani kwake miaka ishirini, na warithi waliokuja kutoka mbali wanaviona kuwa mali ya mama. Tazameni alama: vyombo vya kikundi huwa vimetobolewa ukingoni, vimepakwa rangi au kukwaruzwa herufi chini. Vitengwe siku ya kwanza, mbele ya wanawake wawili wa mtaa, kabla ya kuhesabu mirathi.

Upatu nao vivyo hivyo. Kama wanawake 12 walikuwa wakitoa shilingi 10,000 kila wiki, anayepokea hubeba 120,000, na zamu nzima ni wiki 12. Mshika upatu akifa wiki ya saba, kuna saba waliokwisha pokea na watano wanaodai, na daftari huenda lilikuwa kichwani mwake. Waiteni wote 12 kwa pamoja. Ukiwauliza mmoja mmoja utapata watu wanane wasiopokea. Kama marehemu mwenyewe alikuwa ameshapokea, michango yake iliyobaki ni deni, na deni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa.

Mwisho, ule ukili ambao hakuumaliza. Karibu kila mara upo, umeviringishwa kapuni na chane zimening'inia. Wengi huukata wagawane vipande vya kumbukumbu, wengine huutupa na taka za msiba. Fungeni ncha kwa uzi imara pale pale alipoachia, ili usifumuke. Hesabuni chane, andikeni idadi kwenye karatasi na muifunge pamoja nao. Utundikwe pakavu, mbali na moshi na sakafu yenye unyevu. Siku mjukuu atakapotaka kuuendeleza, anyunyize maji kwenye ncha tu, angoje chane zilainike, afungue uzi, aanze na chane ya pembeni kushoto.

Msomaji wenu,
Tanga